Zamu ya Adui

Jumamosi niliwaua mara nne.
Kwa bastola ya mpira, buluu kama kikombe cha mtoto,
na kila nilipoinua mkono Kucera alipuliza filimbi
wakalala chini katikati ya viti vya kanisa,
wengine wakicheka, LaDonna akishikilia goti lake bovu.

Walinichagua mimi kwa kuwa si mwepesi wa hasira.
Miaka thelathini na mmoja nimeendesha basi la shule
katika barabara za changarawe, mahindi kulia, mahindi kushoto,
na hakuna mtoto wa hapa ambaye sijapata kumwambia: keti.
"Verlyn, wewe utakuwa adui," alisema Kucera,
naibu sherifu mstaafu, tumbo limemtangulia,
kama mtu anayegawa zamu ya kuosha vikombe.

Basi nikawa adui.
Nikatoka nje, kwenye upepo wa Nebraska usiojua ukuta,
nikavaa koti la marehemu kaka yangu,
nikahesabu hadi mia.

Mara ya kwanza walinikaribisha.
Gladwyn, mlangoni, akanipa karatasi ya ibada
akaniuliza mgongo unaendeleaje.
Filimbi. "Gladwyn, umekufa. Tena."

Mara ya pili walikomea mlango mkubwa,
wakasahau ule wa jikoni
ambao mimi mwenyewe niliutengeneza kitasa.

Mara ya tatu, Marcy wa darasa la watoto.
Watoto hawakuwepo; Kucera alimpa makoti kumi na moja
yashike nafasi yao. Aliyakumbatia yote,
akakimbia nayo kuelekea chumba cha tanuri,
mikono mitupu ya makoti ikiburura sakafuni,
na moja likadondoka.
Jekundu.
Alikwisha kufika. Mlango ulikuwa wazi mbele yake.
Akageuka kulifuata.
Hapo ndipo nilipompata,
na sijamwambia mtu hili, hata mke wangu:
nilikuwa nimesimama pale nikimngoja,
nikijua atarudi.

Mara ya nne kijana wa Pospisil alinirukia kutoka nyuma ya kinanda,
akanibamiza ukutani, miwani yangu ikavunjika mguu.
Makofi. Tukateremka chini kwenye kahawa na keki ya tufaha,
wafu na muuaji wao kwenye meza moja,
tukabishana juu ya bei ya redio za mkononi.

Leo Jumapili nimekaa pangu, safu ya tatu kutoka nyuma,
miwani imefungwa kwa utepe.
Mchungaji anasoma. Sisikii.
Nahesabu: hatua ishirini na mbili, mlango hadi madhabahu.
Mzee Hruska hufumba macho sala nzima, hafumbui.
Mjane wa Oltmanns haisikii filimbi.
Nililipenda kanisa hili tangu nikiwa mtoto wa miguu mitupu,
na sasa nalijua kama mwizi anavyoijua nyumba.

Wakati wa kupeana amani Gladwyn ananishika mkono wa kulia,
na wake wa kushoto, kidogo tu, kwa haya,
unagusa mfuko wa koti langu.
"Mgongo?"
"Afadhali," nasema.
Kikulacho ki nguoni mwako. Amefunzwa vizuri.
Sina kinyongo. Nina donge tu, hapa, chini ya tai.

Kisha watoto wanaondoka kwenda darasani,
wawili wawili, wakipita karibu na kiti changu
na harufu yao ya sufu iliyolowa theluji,
Marcy mbele, akiwahesabu kwa midomo.
Wa mwisho amedondosha glavu.

Iko pale, kijiani, karibu na kiatu changu.
Ningeweza kuinama.
Miaka thelathini na mmoja nimeokota glavu,
nimezipanga juu ya dashibodi zikauke.
Siinami.
Namtazama Marcy mlangoni, mkono kwenye kitasa,
midomo imekwama kwenye kumi,

na nasali, kwa mara ya kwanza asubuhi hii nasali kweli:
usigeuke.

Anageuka.