Ishirini na Sita

Niliwahesabu mlangoni pa shule, manyunyu yakianguka:
ishirini na sita.
Niliwahesabu tena basini, kwa kofia,
na mara ya tatu Gwilym dereva aliposimama
kumpisha kondoo aliyejiona ndiye mwenye barabara.
Kazi yangu ndiyo hiyo. Mwalimu hufundisha, mimi huhesabu.

Mererid alitungoja getini, mabuti yamemfika magotini.
Hotuba hakuwa nayo.
"Geti ukilikuta limefungwa, lifunge nyuma yako.
Ukilikuta wazi, liache wazi.
Mengine mtayaona."

Tukayaona.
Tuliona ugo wa miti ya miiba, mnene, una kelele za shorewanda,
ambao baba yake aling'oa nusu yake kwa trekta
enzi za kuambiwa kila shubiri ilimwe;
binti akaupanda upya, mche kwa mche,
miaka kumi na miwili, viganja vikichanika.
"Ulimkasirikia?" Macsen aliuliza.
"Alikuwa na madeni," akasema,
akaendelea kutembea.

Tuliona kona ya konde isiyofyekwa,
nyasi zimewafika watoto kiunoni,
na Zuzanna, ambaye kwao ni ghorofa ya tisa
juu ya bandari ya Swansea,
akauliza nani kasahau hapa.
"Sijasahau. Nimekumbuka kutogusa."
Mle ndani, alisema, sululu anaatamia mayai manne,
ndege mwenye jina la zana,
mdomo mrefu, umepinda, wa kuchimbua matope;
basi tubaki ukingoni na tunong'one.
Watoto ishirini na sita wakinong'ona
hushinda soko kwa makelele.
Hata hivyo hakuruka.

Kisha mavi.
Mererid alipiga magoti mbele ya kinyesi cha ng'ombe
kama mtu anayefungua zawadi,
akakipasua kwa kijiti: dundu!
Weusi, wanang'aa, wana shughuli zao,
wanazika chini chakula cha udongo.
"Nilipoacha kuwanywesha ng'ombe dawa ya minyoo ovyo ovyo,
hawa walirudi. Hakuna aliyewaita."
Nusu ya darasa waliziba pua.
Nusu nyingine walikwisha kulala kifudifudi.

Bandani Idris alipewa chupa ya maziwa
na mwanakondoo aliyefiwa na mama.
"Anaitwa nani?"
"Hana jina."
"Kwa nini?"
"Kwa sababu ya Septemba."
Mwalimu alinitazama. Mimi nikatazama kalamu yangu.
"Septemba kuna nini?"
Mererid angeweza kusema lolote;
watu wazima tuna ghala zima la maneno ya pamba.
"Machinjioni," alisema. "Mpaka siku hiyo, majani na jua,
na mimi nikiamka usiku akikohoa."
Mwanakondoo hakusikia, alikuwa ananyonya,
mkia unamcheza kama kengele isiyo na sauti.
Idris aliishikilia chupa mpaka tone la mwisho.
Saa ya chakula alifungua mkate wake,
akaitazama nyama iliyomo, muda mrefu,
kisha akaula wote, polepole, bila kuongea.
Alichowaza sikijui.
Hesabu yangu haifiki huko.

Kurudi basini: ishirini na watano.
Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi zilizolowa.
Nikarudia. Ishirini na watano.
Tulimkuta Cadi kwenye geti la pili, peke yake,
analifungua, analifunga, machozi yanamlengalenga:
"Tulilikuta wazi au limefungwa? Nimesahau,
na nyote mmeondoka tu."
Ni kweli, tulikuwa tumeondoka tu.
Mererid alikuja, akaligusa geti, akasema, "Wazi,"
akampa mkono kama wapeanavyo wakulima mnadani.

Gwilym alilalamikia matope njia nzima.
Watoto walilala, midomo wazi, viatu vinanuka.
Nikaandika daftarini: ishirini na sita.
Ndipo nikasikia, ndani ya kisanduku cha chakula
alichokikumbatia Cadi usingizini,
kwaru, kwaru,
kucha ndogo ndogo zikijaribu kifuniko.
Nilikifungua kidogo, wapate hewa.
Nikaifuta ile hesabu,
na mpaka taa za mji zilipotokea
sikuwa nimejua niandike ngapi.