Nyota za Ngozi

Juni, mikorosho ndiyo kwanza inafikiria kuchanua,
nimeshuka Liwale mjini na elfu kumi na nane
iliyokunjwa mara nne.
Natafuta kisu.

Si cha kuchinjia. Hicho ninacho, kirefu,
aliniachia baba, na kazi yake ni moja:
bismillahi, na kwisha.
Nataka cha kuchunia.
Msimu ukifunguliwa kambi itanipokea,
mchunaji msaidizi,
na kule kisu hakiazimwi, ni kama mswaki.

Sokoni vimelala juu ya turubai la bluu
vikimeremeta kama meno ya mgeni.
Kimoja kina msumeno mgongoni na dira kwenye mpini.
"Hiki cha makomando," anasema muuzaji.
Mimi siendi vitani. Mnyama nikimfikia ameshakufa.
Msumeno ule utamrarua ngozi kabla hajapoa,
na dira ya nini?
Kutoka kwapa hadi kitovu sijapata kupotea.

Somoe Likwata, mwenye bucha ya nyamapori,
leseni yake ukutani ndani ya fremu kama picha ya harusi,
hakuangalia visu. Alishika mkono wangu,
akaugeuza, akaukunja, akauachia.

"Ubapa usizidi kidole chako cha shahada.
Kiwe na tumbo, kama mama wa miezi mitano.
Mgongo butu. Ncha isiyo na kiherehere,
maana ncha yenye kiherehere hutangulia,
ikishatoboa utumbo
nyama yote inanuka jina lako."

Basi nikaenda kwa Chingwele, nyuma ya ghala la korosho,
anakofua springi za malori yaliyokufa njia ya Nachingwea.
Alinipigia kipande mezani: kikalia, ngii, kikanyamaza.
"Kigumu zaidi ya hapa kitajivuna," alisema,
"makali yakiisha porini, kinoo hakitaelewana nacho."
Nikataka mpini wa mpingo, mweusi, wa kuringia.
Akacheka mpaka akaacha mivukuto.
Mpingo uliosuguliwa ukilowa damu huteleza kama kambale.
Akachonga mti ambao hakunitajia jina,
akauvisha mpira wa tyubu ya baiskeli.

Elfu kumi na mbili.
Kilikuwa kibaya, wallahi.
Nilikificha kwenye gazeti njia nzima.

Julai. Palahala dume, pembe kama mundu mbili,
tumbo bado lina joto la majani aliyokula alfajiri.
Mpondomo, mkuu wa wachunaji, haongei,
ananyoosha kidevu: anza.

Nikafungua miguu ya nyuma, upande wa ndani,
nikashuka na mstari mweupe.
Na mkono ukajua kabla yangu
kwamba kisu hufungua mlango tu;
anayeingia ni ngumi.
Ngozi ikaachia na ule mlio wake,
kama mtu anayevua soksi mbichi.
Inzi. Jasho machoni. Mpira ukashika.

Tulipomaliza Mpondomo akaiinua ngozi kwa mikono miwili
akaikabili na jua.
Hivyo ndivyo wanavyosahihisha.
Kila tundu ni nyota.
"Wa mwaka jana," alisema, neno lake la kwanza siku ile,
"aliniletea Kilimia kizima."

Yangu ilikuwa moja, chini ya kwapa la kushoto,
ndogo, punje ya mtama.
Akaweka jicho pale, akanitazama kwa upande wa pili.
"Nani huyu?"
"Kisu kilichepuka."
"Kisu hakina kiwiko," akasema,
akaanza kupaka chumvi.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye hula nyama.
Jioni ile nyama iliondoka na gari,
paja, mgongo, mpaka ulimi.
Mimi nilikula ugali na mlenda,
kisu kiunoni, kimeoshwa, kimekauka,
na kidole gumba kila saa kikienda kukipapasa
kama ulimi unavyokwenda kwenye pengo.