Rasimu ya Kwanza

Mtaa wa Dubois, ghorofa ya pili. Mashine ya kujalidi
na gundi inayonuka kama kwato zilizoungua.
Leo mezani nina kazi mbili.

Moja ni ya Shivachi wa chuo cha dini:
kurasa mia tatu na kumi, jalada jeusi, herufi za dhahabu.
Ameandika juu ya maandiko yaliyofungiwa nje,
yaliyonakiliwa kwa mwanga wa taa ya mafuta
mpaka barua ya askofu ilipofika,
na mtu fulani, sijui mtawa, sijui mwizi,
akayatia mtungini, akaufukia mchangani Misri.

Wako waliosema aliyeumba dunia siye Mungu wa juu.
Wako waliosema mwili ule ulikuwa kivuli, haukutoka jasho.
Na mwanamke aliyeambiwa neno
ambalo wanaume hawakuambiwa, wakanuna.
“Wote waliitana ndugu,” asema Shivachi,
“kabla ya kuitana wazushi.”

Sikushangaa. Nikienda kwangu Kawangware, Jumapili,
napita makanisa kumi na manne:
wenye vilemba, wavua viatu, wasiomeza dawa,
wapiga ngoma hadi bati linatetemeka.
Kila mmoja ana ufunguo.
Kila mmoja kabadilisha kufuli.

Kazi ya pili: programu ya mazishi ya Mzee Kiragu,
kurasa kumi na sita, nakala mia nne.
Kamati imekaa mara tatu.
Mara ya kwanza marehemu alikuwa na wake wawili.
Mara ya pili, mke, na “rafiki wa familia.”
Asubuhi hii bintiye kaja na kalamu nyekundu:
mke mmoja, watoto watano.
Wale watatu nimewafuta mimi,
kwa kidole hikihiki.

Rasimu sizichomi. Naziweka chini ya meza,
kwenye katoni ya unga wa ugali. Usiniulize kwa nini.

Saa kumi na mbili, nikifunga, akaingia mama mmoja
na kijana mwenye paji la uso
nililolipanga ukurasa wa kwanza, kwa rangi.
Akaomba programu moja tu.
Nikainama chini ya meza.

Alisoma amesimama. Hakulia.
Akaikunja mara nne, akauliza bei,
kisha akauliza kama wino utadumu.

Nikamwambia ukweli: miaka kadhaa,
ukiweka mbali na jua.