Msailiwa wa Arubaini na Moja

Tulikuwa watano, na futikamba moja ya kuazima
iliyokatika sentimita ya mwanzo,
kwa hiyo kila tulichopima tukakitoa moja.
Mada yetu ilikuwa ndefu kuliko barabara yenyewe:
Uendelezaji wa Ukanda wa Pwani Unaoongozwa na Thamani ya Majengo,
Mfano wa Funguni.
Mwalimu akasema, fupisheni.
Tukatoa neno "mfano".

Asubuhi Funguni inanuka barafu iliyoyeyuka
na magamba ya changu.
Tukahesabu milango, mabomba, nyufa,
waya wa umeme unaotoka dirisha hili kuingia dirisha lile
bila ya kumuomba mtu ruhusa.
Bango la kampuni limesimama penye jaa:
viti vyeupe, miti iliyonyolewa, watu wanacheka.
Khatib ndiye aliyeona
kwamba hakuna hata mmoja mwenye kivuli.

Nyumba hii ya nani?
Ya wakfu, akasema bwana. Ya Serikali, akasema mkewe.
Ya panya, akasema mtoto, akapigwa kikofi.
Mshona viatu akatugeuzia swali:
kilemba nilichotoa kuupata mlango huu
kitakuwamo kwenye fidia,
au kitavaliwa na mwengine?
Shemsa akatafuta kisanduku cha kutia alama.
Hakikuwapo.

Nyumba ya arubaini na moja niliijua kabla ya kubisha.
Naijua ngazi ya tatu inayolia,
na ndoo ya bluu chini ya tundu la dari.
Sikuwaambia wenzangu.
Mtafiti, tulifundishwa, hana shangazi.

Bi Zuwena akanitazama
kama anavyomtazama msoma mita.
Mimi, niliyeogeshwa kwa kata kwenye ua ule,
nikasoma swali la kwanza: jina lako nani?
Akalitaja mpaka la babu wa babu yake, polepole,
kama asemaye, andika vizuri, na wewe umo humu.

Swali la saba: ukilipwa, uko tayari kuhama?
Hakuacha kuchagua mchele.

*Umepima ukutani, futi yako imekoma,*
*Kitovu kiko uani, hicho hujakitazama,*
*Kitieni mizanini, mnambie kilo nzima,*
*Ndipo kwa hiyo thamani, nitakujibu kuhama.*

Feni ikazunguka mara mbili tatu.
"Ndiyo au hapana?" Shemsa akaninong'oneza.
Kitovu cha nani, hakuuliza.
Nami nikaangalia uani, pale penye mkomamanga,
nikajifanya naangalia mtaro.

Usiku, chumba cha kompyuta.
Ndiyo ni moja, hapana ni mbili,
asiyejibu ni tisini na tisa.
Haroub akasema shairi si takwimu.
Tukabishana hata mlinzi akaja na funguo,
na vidole vilivyobonyeza tisa, kisha tisa,
vilikuwa vyangu.

Siku ya kuwasilisha tulivaa tai.
Duara letu la rangi lilipendeza, vipande vinne,
na ukijani mwembamba kama kucha: *hawakujibu*.
Mgeni wa kampuni akaupiga picha ukuta mzima.
Tukapata B.

Ijumaa nikenda kwa miguu yangu, bila karatasi.
Akanimiminia chai, akanikatia mkate wa mofa,
akaniita kwa jina langu la utotoni
ambalo sitaliandika hapa.
"Mmepata ngapi?"
"B, shangazi."
"Na mimi mlinipa ngapi?"

Nikameza. Ndoo ikapokea tone.
"Tisini na tisa."

Akacheka mpaka mtandio ukamvuka.
"Kumbe nimekushindeni nyote!"
Kisha akatua kikombe, akanikazia macho
yale yale ya msoma mita:
"Na ile moja,
aliichukua nani?"