Tofali la Kumi na Tisa

Babu yangu Araali hakuwahi kuvuka bahari.
Padri alimpa mchoro, karatasi iliyoliwa pembeni na mende:
kanisa la ng'ambo, umri wake miaka mia saba,
madirisha yamechongoka kama ncha za mkuki.
"Jenga hivi."
Babu akaigeuza karatasi juu chini, akaguna,
akakata makuti mawili ya mgomba,
akayasimamisha juani, ncha kwa ncha, yakaegemeana.
Hapo akaelewa.

Udongo ulitoka kinamasini, kando ya mto Mpanga.
Tanuri liliwaka siku kumi na moja
na Fort Portal nzima ikakohoa.

Tetemeko lilipokuja, dirisha la duara, lile la waridi,
lilimwagika lote sakafuni.
Pesa ya kioo kingine haikuwepo.
Wakaziba matundu kwa vitako vya chupa,
vya kijani vya soda, vya kahawia vya bia.
Tangu hapo misa ya alfajiri
ina mwanga wa baa.

Mimi ni fundi wa plasta.
Kwenye hoteli mpya ya Abwooli Nyamutale
nachonga matao yaleyale kwa povu na saruji,
nachora mistari ya matofali kwa msumari
juu ya ukuta usio na tofali hata moja.
Analipa vizuri, silalamiki.
Wageni husimama chini ya tao wapigwe picha,
wanasema, hapa pana ukale.
Rangi ilikauka Jumanne.

Mwezi jana parokia iliniita:
ufa umepanda hadi kileleni mwa tao kuu.
Nikalishikiza kwa magogo,
nikachomoa matofali, nikiyaandika namba kwa chaki.
La kumi na tisa, upande uliotazama giza miaka yote,
lina kisigino na vidole vitano,
mguu wa mtoto aliyekanyaga udongo ungali mbichi.

Nikalifunga kwenye gunia, nikampelekea mama.
Haoni vizuri siku hizi.
Akaipapasa alama, kidole baada ya kidole,
akanyamaza kitambo.
"Nilichapwa," akasema, "kwa sababu ya hili."

Nimelirudisha mahali pake, alama ndani,
kwa chokaa, kama walivyofanya wao.
Kesho narudi hotelini.
Kuna minara minne
haijapakwa kijivu.