Makato ya Umande

Saa moja na robo. Ukungu wa Mufindi
umelalia chai kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa.
Mimi ni karani wa mizani, banda namba nne, barabara ya Sawala.
Kazi yangu ni kutoa.
Jani likija na maji, natoa:
kilo moja kwa ukungu mwepesi,
mbili kama mvua ilikesha.
Makato ya umande, ndivyo daftari linavyoyaita,
na sijaona mtu anayeyapenda.

"Mwizi wewe!" kasema Mama Chesco leo,
kapu lake likining'inia kwenye ndoano.
"Umande wa Mungu, unaukata wewe kama nani?"
Foleni ikacheka. Masikio yangu yakawaka.

Zamani ningejibu. Ulimi ninao, waulizeni wa Nyololo.
Lakini alikuja hapa fundi wa mashine za kukaushia,
Piyasena, mtu wa Sri Lanka,
sweta mbili hata mwezi wa kumi na mbili.
Hakuhubiri. Alikuwa na kisanamu cha mtu aliyeketi,
kadiri ya kiberiti, juu ya boksi la spana,
na kila alfajiri alikiwekea kikombe cha chai ya kwanza.
"Hakinywi," alisema.
"Ni mimi ninayejifunza kutoa."

Nikamwuliza, na hasira je?
Akanionyesha mizani yangu mwenyewe.
"Mshale ukitikisika, huwa unaandika?"
Hapana, nikasema, nasubiri utulie.
"Basi," akasema,
akarudi kwenye grisi yake.

Mwaka juzi, Oktoba, moto ulitoka kwa jirani aliyekuwa akisafisha shamba.
Ekari tatu za misonobari yangu. Miaka kumi na mmoja.
Nilikwisha kuipasua mbao kichwani:
hii ada ya Egla, hii bati, hii pikipiki, tena nyekundu.
Kufikia magharibi palibaki visiki
na harufu ya utomvu, tamu, ya kukera.
Usiku ule mshale haukutulia.
Wala wa pili. Msidanganywe na wanaosema pumua tu, yataisha.
Nilipumua. Uliingia moshi.

Wiki ya tatu nimekaa jikoni peke yangu,
simu inatetema mezani: mkopo wako umechelewa siku nne,
mkopo wako umechelewa,
ndipo nikaona:
shamba liliungua mara moja.
Mimi nalichoma kila usiku.

Nikailaza simu kifudifudi.
Nikasikia maharage yakichemka.
Ni hayo tu. Maharage.

Padri aliposikia nakaa kimya nusu saa kabla ya zamu
aliuliza kama nimehama imani.
Nikamwambia, Baba, sijaacha kitu ila pupa,
nayo hurudi kila mwisho wa mwezi.

Basi leo, Mama Chesco kashika kiuno,
mshale unacheza kati ya kumi na tatu na kumi na tano.
Nasubiri.
Vidole vyake vimepasuka kwa baridi, kijani mpaka ndani ya kucha.
Anadaiwa na kikundi, najua; mweka hazina ni mke wangu.
Mshale umekaa: kumi na nne.
Nikampa kalamu.
"Shika jani mwenyewe. Kata wewe."

Akachota kiganja, akakamua.
Maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko, yakaingia kwenye mkono wa gauni.
Akatazama foleni. Akanitazama mimi.
"Mbili," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.
Kisha, kwa nguvu, "Lakini kesho jua likiwaka sikatwi!"
"Kesho jua likiwaka," nikasema,
"hata mimi sitakuwa na cha kutoa."

Akacheka? Sijui. Aligeuka kufunga kanga.
Nikaandika kumi na mbili.
Ukungu ulikuwa umeondoka wakati fulani,
hakuna aliyeuona ukienda.
Kapu linalofuata.