Kijiko cha Mawese

Asubuhi nilipima gramu mbili za manjano,
nikazinywa mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa,
na Bagalwa akanitoa damu kila robo saa.
Mashine ikasoma: karibu na sifuri.
Akaiandika sifuri kwa penseli, kisha akaikoleza kwa wino.

Manjano yote yamekwenda wapi?
Chooni, alisema, bila aibu. Yamepita kama mgeni
aliyebisha hodi kwenye nyumba yenye redio kubwa.

Nieleze kwa namna ya mtaa wetu.
Toka ziwani hadi soko la Kadutu
ni mlima, ni tope, ni ngazi za mawe zilizong'oka.
Gunia la unga halijipandishi.
Lasubiri mgongo wa Mwamini, ukanda kwenye paji la uso,
shingo imekakamaa, macho yakihesabu vidole vya miguu.
Na akikaribia juu kuna kizuizi: kamba, kijana, bunduki,
"Mama, hujatuona?"
Robo ya unga inabaki pale.
Tumbo ndio mlima. Ini ndiyo kamba.
Unachomeza sicho unachopata.

Tulijaribu pilipili manga kwanza.
Pilipili inajua kuongea na askari:
inampigia soga, anasahau kamba, mzigo unapita.
Mashine ikapanda. Bagalwa alinunua mandazi.
Ila kamba ikilegea kwa mmoja imelegea kwa wote.
Zihindula, jirani yetu, mmezaji wa vidonge vya kifafa,
alisikia habari akajichanganyia kikombe chake nyumbani.
Baada ya siku kadhaa ukuta ukawa na mawimbi,
akawa anatembea Nyamugo kama mlevi wa kasiksi
na kasiksi hajaigusa.
Kidonge kilekile, kipimo kilekile,
ila sasa hakuna anayekipunguza njiani.
Tulikwenda kumwomba msamaha na kilo ya sukari.
Yeye alicheka. Mkewe hakucheka.

Basi pilipili tukaiacha, tukatafuta mgongo.
Mafuta mazito ya soya, yapendayo maji upande mmoja
na kuyakimbia upande wa pili,
kama ndugu waliogombana juu ya kiwanja.
Ukiyatikisa yanajikunja yenyewe kuwa vifuko,
vidogo hata darubini yetu inakata tamaa,
na ndani ya ngozi ya kila kifuko
manjano yamelala, yamefunikwa, yanabebwa.
Tulitikisa kwa mkono dakika arobaini.
Umeme ulikuwa umekwenda na hakuna aliyeuliza unarudi lini.

Mama yangu, Nankafu, anauza mubirizi na mizizi
kando ya wauza makala. Nilimpelekea chupa.
Akainusa. "Umetia mafuta."
Ndiyo.
"Mimi nilitia mawese tangu una meno mawili."
Koo likanibana; nikaanza hotuba
juu ya elimu ya mama zetu, jinsi maabara inavyochelewa
kufika mahali jiko lilikwisha fika…
Akanikata: "Elimu gani? Ulikuwa unatema!
Ulinitemea kitenge kipya, siku ya Pasaka, kanisani.
Mawese yaliteleza, ukameza. Basi."

Nimeliandika hilo pia kwenye daftari,
chini ya namba, nisijue ni la safu ipi.

Leo damu yangu imesoma kitu.
Si kikubwa. Bagalwa amekiandika kwa penseli
na kalamu ya wino ameiacha mfukoni.

Mwamini ameleta gunia la soya mlangoni.
Amelishusha, amesimama akipumua, mkono kisogoni,
na pajini, pale ukanda unapokaa,
kuna mfereji ambao nywele haziutaki tena.
"Hiyo yenu ya njano, wanasema inapoza maumivu.
Ya shingo ipo?"
Bado, mama. Tunapima.
Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu
aliyezoea kuambiwa juu bado ni mbali.
"Sawa. Pesa yangu ya gunia."

Nikamhesabia noti, akazikunja kwenye kitenge,
akaanza kushuka, mgongo mtupu,
bado ameuinamisha.